Maji Yanayozoleka

Saa nane usiku, Tartu, mwezi wa Januari.
Mto umeganda kingoni, katikati unafuka mvuke.
Katika chumba cha chini ya ardhi, nyuma ya milango miwili ya chuma,
Virve Kangro amezima kipasha joto
kwa kuwa mtetemo wake unaharibu vipimo.
Amevaa makoti mawili. Moja ni la baba yake,
na mfukoni bado mna maganda ya alizeti.

Mbele yake tone la maji kati ya vioo viwili.
Ndani ya tone, punje moja ya kioo
imeshikwa na mwanga wa leza
jinsi unavyoshika yai la kuku wa jirani.

Punje haitulii. Haijawahi kutulia.
Maji yanaipiga vikumbo huku na huku,
mabilioni ya vikumbo visivyo na nia,
nayo inayumba palepale, mlevi aliyefungwa kamba.

Kazi ya Virve ni kuiburuta.
Anausogeza mwanga, chini ya upana wa unywele,
punje inafuata nyuma ikisuasua,
na maji yanatoza ushuru wake:
kila safari, joto kidogo linapotea
bila risiti.
Anairudisha mwanzo. Anaiburuta tena.
Mara elfu tatu na mia sita tangu jioni.

Sisi tunasema maji yakimwagika hayazoleki,
na ndoo inatuunga mkono, na sakafu,
na kikombe cha chai ambacho hakijawahi
kujipasha moto kwa kuiibia meza.
Lakini wahenga walipima kwa ndoo.

Safari ya mia mbili na kumi na saba
vikumbo viliangukia upande mmoja, kwa bahati tu,
na punje ikautangulia mwanga.
Kwa robo ya sekunde maji ndiyo yaliyosukuma;
joto likawa kazi, mdai akamlipa mdaiwa.
Kisha hasara ya kawaida ikarejea.

Virve hakupiga ukelele.
Aliandika namba, na alama ya kutoa mbele yake,
akapuliza vidole.

Hadi alfajiri zilitimia thelathini na moja.

Mwaka wake wa kwanza alikuwa akizifuta,
akidhani ni makosa ya mashine.
Mzee Endel akamkalisha: *Umetupa mawe, umebaki na manyoya.*
Maana katika hesabu hii kila safari ina uzito wake,
na zile za hasara, kwa wingi wao wote, ni nyepesi;
chache zilizorudi kinyume ndizo zinazoinamisha mizani.
Zijumlishe zote, tafuta wastani, nawe utapata
bei kamili ya safari ya polepole kabisa,
ile ambayo hakuna mwenye umri wa kuisafiri.

Na zawadi ikikua kidogo,
uadimu wake unakua maradufu ya maradufu.
Ndoo iliyomwagika utaingoja hadi jua lizimike,
na bado hesabu haitakuruhusu kusema *kamwe*.

Jumanne moja ya Novemba, ghorofa ya nne, mtaa wa Annelinn,
Heino Kangro, ambaye kwa miezi kumi na minne
alimwita bintiye "bibie wa dawa",
aliacha kijiko akauliza:
*Virve, uliiuza ile baiskeli ya bluu?*
*Sijaiuza,* akasema. Alikuwa ameiuza.
*Vizuri. Mnyororo unataka mafuta.*
Kisha akarudi dirishani.

Sisemi ni kitu kimoja. Kichwa cha mzee si tone,
na Virve mwenyewe angenikatalia kwa ukali.
Daktari alimwambia asitegemee, naye hategemei.

Ila nyuma ya kalenda ya jikoni, kwa penseli,
ipo tarehe ile, na dakika moja u nusu,
na mbele yake kistari kifupi, cha kulala.

Sasa anaurudisha mwanga mwanzo.
Punje inayumba.
Elfu tatu, mia sita na moja.